Insha ya Mlango

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, ni hii ya juzijuzi ambayo vumbi la chaki yake bado halijatulia, palikuwa na shule ya sekondari juu mlimani. Chini yake yalikuwa mashamba ya vitunguu. Juu yake lilikuwa bwawa dogo la kijiji, ambalo watu wa milima hiyo huliita ndiva. Maji ya ndiva yalishuka kwa zamu, shamba hadi shamba. Kiingereza nacho kilishuka darasani kwa zamu, dawati hadi dawati, na kwa wengi kilifika kimekwisha.

Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Madamu Naetwe. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na kulikuwa na sentensi moja aliyoichukia kuliko utoro. Sentensi hiyo ilisema kwamba ilikuwa asubuhi nzuri, jua likiwaka na ndege wakiimba. Kila mwanafunzi alikuwa ameikariri kwa Kiingereza safi kabisa. Ukiwapa insha ya harusi, ilikuwa asubuhi nzuri, jua likiwaka na ndege wakiimba. Ukiwapa insha ya msiba, ilikuwa asubuhi nzuri, jua likiwaka na ndege wakiimba. Ukiwapa insha ya malaria, mgonjwa alitetemeka chini ya blanketi, na ndege wakaimba.

"Hawa ndege," alisema Madamu siku moja, rundo la madaftari likiwa kifuani, "hawapumziki? Hawali?"

Darasa likacheka.

"Msicheke. Ni ndege wenu."

Ndipo akabuni mtindo wake. Darasa lilikuwa kubwa, vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo akawagawa wanafunzi watatu watatu, akayaita makundi hayo mafiga. Figa la kwanza ni mwenye jambo: huyu asimulie kwa Kiswahili kitu alichokiona kwa macho yake. Figa la pili ni mwenye lugha: huyu akiandike kwa Kiingereza. Figa la tatu ni mwenye kalamu nyekundu: huyu asome kwa sauti, na kila sentensi aiulize swali moja tu, "Unafanya kazi gani hapa?" Sentensi isiyojibu, aifute.

Watu walinung'unika. Kalamu nyekundu ilikuwa mali ya walimu tangu shule zijengwe. Kumpa mwanafunzi ilikuwa sawa na kumpa kondoo funguo za zizi.

Sasa nawatajia figa moja tu, kwa sababu mtanziko wetu uko hapo.

Mwenye jambo alikuwa Nakiete. Aliishi na bibi yake katika nyumba ya mwisho chini ya ndiva, nyumba isiyo na mlango. Si kwamba mlango ulikuwa mbovu. Haukuwepo. Palikuwa na pazia la gunia, basi. Watu walisema mchwa wameula.

"Nakiete," wenzake walimtania, "mbuzi wetu hakurudi jana. Alilala kwenu?"

"Alilala," alijibu Nakiete. "Ameniambia kwetu kuna nafasi kuliko kwenu."

Kwa Kiswahili hakuna aliyemshinda. Lakini Kiingereza kilipoingia mlangoni, yeye alitokea dirishani.

Mwenye lugha alikuwa Zefania, ambaye wenzake walimwita Kamusi. Alipenda maneno marefu kama watu wengine wanavyopenda nyama. Neno la silabi mbili alilionea huruma.

Mwenye kalamu nyekundu alikuwa Mbonea, kijana wa dawati la nyuma, mwenye kigugumizi. Kusema kwake kulikuwa kupanda mlima na mzigo kichwani. Kwa hiyo alikuwa amezoea, kabla hajafungua kinywa, kuchagua cha kubeba na cha kuacha.

Wakati huo yalitangazwa mashindano ya insha ya wilaya. Zawadi yake haikuwa kikombe wala cheti. Ilikuwa nafasi katika shule kubwa ya bweni kule mjini, kidato cha tano na cha sita, shule yenye maktaba ambayo, walisema, mtu anaweza kupotea ndani yake akatafutwa. Shule ya mlimani iliishia kidato cha nne. Aliyemaliza hapo bila kupata pa kwenda alirudi kwenye vitunguu, na vitunguu havina kidato cha tano.

Sharti lilikuwa moja: mwanafunzi asiweke mkono katika insha zaidi ya moja.

Hapo Zefania alikuna kichwa. Alikuwa na insha yake mwenyewe, ameiandika peke yake tangu likizo, na Madamu alikuwa ameisoma na kusema, "Hii iko tayari. Ukitaka, naipeleka." Ilikuwa insha ndefu juu ya faida za elimu. Haikuwa na ndege hata mmoja.

"Nisikie kwanza Nakiete ana nini," alisema Zefania. "Nikiona hakifai, nakwenda na yangu."

Wakakaa watatu nyuma ya darasa.

"Mimi sina kitu," alisema Nakiete. "Kwetu hakujatokea jambo. Tunalima, tunakula, tunalima."

"Siyo safari? Siyo ajali?" aliuliza Zefania. "Hata ndugu kung'atwa na nyoka?"

"Nyoka wa kwetu wana adabu."

Zefania akaanza kukusanya vitu vyake. Ndipo Mbonea, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema, "M-mlango wenu uko wapi?"

 Nakiete akamtazama Mbonea, akamtazama Zefania, akasema, "Nitamuuliza Bibi."

Jioni hiyo alimkuta bibi yake akipepeta maharage.

"Bibi, naomba kuusema mlango."

"Nilikukataza kwa nini?"

"Ulisema watu wakijua watakuja kushukuru. Na wanaokuja kushukuru wanakaa hadi wanywe chai."

"Bado nasema hivyo. Utausemea wapi?"

"Kwenye insha ya shule."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza, Bibi."

Bibi akapuliza makapi. "Basi andikeni, mama. Huku nani atajua."

Kesho yake Nakiete akasimulia. Alisimulia kwamba mchana mmoja wa masika, watu wazima wote isipokuwa Bibi wakiwa mnadani, mvua ilinyesha mpaka ndiva ikajaa na ukuta wake ukatoboka. Tundu lilitosha kupitisha mbuzi. Chini ya tundu lile kulikuwa na shule, na chini ya shule, mashamba. Bibi alilitazama, akarudi nyumbani bila kukimbia, akaung'oa mlango kwenye bawaba, akasema, "Shika huko." Wakaupandisha. Wakaushindilia kwenye tundu. Bibi akaketi matopeni, mgongo akauegemeza kwenye mlango, naye Nakiete akachota udongo wa mfinyanzi na kukata migomba, akaziba, akaziba, akaziba, mpaka mlango haukuonekana tena. Watu wa mnadani waliporudi, waliukuta ukuta umesimama. Wakawasifu mababu kwa ujenzi imara. Bibi akawaitikia, "Kweli, walijua kujenga."

"Na mlango?" aliuliza Zefania.

"Umo ukutani mpaka leo. Ukiutoa, ndiva inashuka."

 Zefania akaitoa ile insha yake juu ya faida za elimu, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ile alimwendea Madamu akamwambia asiipeleke.

Akaandika mlango. Akarudi na kurasa nyingi, uso umemng'aa. Mbonea akachukua kalamu nyekundu, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kama alivyosoma kila kitu. Sentensi ya kwanza tu akasimama.

"Jua?"

"Ndiyo, jua," alisema Zefania.

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Huo ni utangulizi, bwana. Utangulizi huwa na jua."

"Siku hiyo hata kuku walikuwa na matope," alisema Nakiete.

"Sentensi hii," aliuliza Mbonea, "inafanya kazi gani hapa?"

Sentensi haikujibu. Akaifuta. Jua likazimika, na ndege wakanyamaza.

Akaendelea. Palipokuwa na neno refu, ulimi wake ulikwama, na alipokwama aliuliza, linafanya kazi gani hapa? Likijibu, alirudi nyuma akalisukuma mpaka likatoka. Lisipojibu, alilifuta. Akafuta ukurasa wa kwanza wote. Akafuta sifa za mandhari. Akafuta tufani iliyofananishwa na jeshi la wafalme.

"Hiyo tufani nimeitafutia wiki nzima," alisema Zefania.

"Naona," alisema Mbonea, akafuta.

"Unajua nimeacha insha yangu kwa ajili ya hii? Unajua?"

"Najua."

"Na bado unafuta."

"Ndiyo sababu nafuta."

Zefania akaondoka kwa hasira. Lakini alirudi, kwa kuwa hakuwa na insha nyingine.

Mwisho ndio uliowasumbua. Zefania alikuwa ameufunga kwa namna ya shule zote: kutokana na tukio hili nilijifunza kwamba. Mbonea akaitazama sentensi hiyo, hakuipenda, ila hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Wakakaa. Nakiete akainuka, akajipangusa sketi, na huku akitafuta daftari lake akasema, kama mtu anayezungumza na ukuta, "Tulilala mlango ukiwa wazi, tukisikiliza maji yakikaa mahali pake."

"Umesemaje?" aliuliza Mbonea.

"Nimesema naenda nyumbani."

"Kabla ya hapo."

Akarudia. Mbonea akamgeukia Zefania. "Andika hiyo."

Mnadhani ni rahisi? Jaribuni. Kumsikia mtu akikaa kimya kunasemekana, lakini kuyasikia maji yakikaa? Zefania alijaribu kwa maneno marefu, yakavimba. Alijaribu kwa maneno mazito, yakazama. Aliandika akafuta, aliandika akafuta, safari hii bila kuambiwa na mtu. Mwishowe akaja na sentensi ambayo maneno yake yote yalikuwa mafupi, yale ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza anayo mfukoni, ila hajawahi kuyapanga hivyo. Aliisoma. Nakiete, ambaye Kiingereza kilimkimbia, aliielewa mara moja. Akasema, "Ndiyo. Hivyo hasa."

Mbonea akafuta kila kilichofuata, pamoja na funzo.

"Insha bila funzo!" alisema Zefania. "Umewapa watu ugali mkavu."

"Mboga waje nayo wenyewe," alisema Mbonea.

Siku ya mashindano alikuja afisa kutoka wilayani, pamoja na waamuzi, shule ya mlimani ikiwa ya mwisho katika mzunguko wao. Makundi yakasoma. Jua likawaka tena na tena, na ndege wakaimba tena na tena, na waamuzi wakaandika huku wamejishika mashavu. Ilipofika zamu ya figa letu, Zefania alisimama kusoma, lakini mwamuzi mmoja akanyoosha kidole. "Si wewe. Asome yule aliyejificha nyuma yako."

Hakujua. Ukumbi ulijua, na ukumbi ukaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Madamu Naetwe akafungua mdomo aingilie. Mbonea akatikisa kichwa, akaichukua karatasi.

Akasoma. Alipokwama, watu walisubiri. Mwanzoni walisubiri kwa aibu. Kisha walisubiri kwa hamu, kwa kuwa tundu lilikuwa limefunguka na mlango ulikuwa bado njiani, na kila neno lililochelewa liliwafanya waogope kwamba ukuta utashuka. Neno gumu kuliko yote kwake lilikuwa lile la mlango. Kwa Kiingereza huanza na sauti iliyomnyima pumzi tangu utotoni. Lilikuwemo mwanzoni, lilikuwemo katikati, lilikuwemo mwishoni, na kila mara alilisukuma kwa bega mpaka likaingia. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, hapakuwa na aliyekohoa. Akaketi. Mwamuzi mmoja aligeuka akatazama dirishani, kule juu, kwenye ukuta wa ndiva.

Hawakushauriana sana. Afisa akasema, "Ni hii. Mwalimu, nipe jina niandike."

"Ni majina matatu," alisema Madamu.

"Matatu?"

"Wameandika watatu. Ndivyo ninavyofundisha."

"Umefundisha vizuri, lakini nafasi ni moja. Bweni lina kitanda kimoja kilichobaki, na kitanda hicho kina jina moja. Nipe jina, mwalimu. Gari linanisubiri."

Madamu Naetwe akawaita wote watatu mbele. Sauti yake ilikuwa ileile ya ng'ambo ya bonde.

"Nimewafundisha insha ya hoja," alisema. "Dai kwanza, sababu baadaye. Kabla ya kukaa, mtaje hoja bora ya mwenzenu, maana asiyeiona hoja ya mwenzake hajafikiri. Semeni kwa Kiswahili, msije mkapotea njiani. Nakiete."

Nakiete akasimama wima.

"Nadai nafasi ni yangu. Jambo ni langu. Mgongo wa bibi yangu ndio uliozuia maji, na mikono hii ndiyo iliyoziba. Sentensi ya mwisho, mnayoisifu, ilitoka kinywani mwangu. Kiingereza kinafundishika, kufuta kunafundishika, lakini nani atawafundisha hawa kulala nyumba isiyo na mlango? Na sasa nikitoka hapa, kijiji kizima kinajua. Bibi yangu alitaka kunyamaza, mimi nimemnyang'anya huo unyamavu. Nikirudi kwake mikono mitupu, nitakuwa nimeuuza mlango bure." Akavuta pumzi. "Hoja bora ni ya Zefania. Alikuwa na njia yake ya kwenda mjini, imenyooka, na aliiacha akashika yangu."

Akakaa.

"Zefania."

"Nadai nafasi ni yangu," alisema Zefania. "Haya ni mashindano ya insha ya Kiingereza, na Kiingereza chote kilichomo ni changu. Jambo la Nakiete lilikaa ukutani miaka, hakuna aliyeliona. Mimi ndiye niliyelitoa ukutani bila kubomoa ukuta. Na sentensi ile aliyoisema, aliisema akiwa anatafuta daftari. Aliipoteza palepale. Mimi nilikesha nayo. Juu ya hayo, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na cha kupoteza. Insha yangu iko mfukoni humu, ilikuwa tayari, Madamu ni shahidi. Hawa walikuja bila kitu." Akasita, akamtazama Mbonea kwa jicho la pembeni. "Hoja bora ni ya huyu, ingawa bado sijamsamehe tufani. Kama asingekuwepo, insha yetu ingeanza na jua, na tungekuwa tumeshaondoka humu."

Akakaa.

"Mbonea."

Mbonea akasimama. Afisa akatazama saa, kisha akaona aibu akaacha.

"Nadai," alisema Mbonea, "nafasi ni yangu. Sikuandika neno. Lakini niliuliza mlango uko wapi, na kabla ya swali hilo hapakuwa na jambo wala insha. Walileta mzigo, wote wawili. Mimi nilijua cha kuacha. Na kila neno lililobaki n-nililipitisha kinywani mwangu kwanza, kwa taabu yangu. Lile la mlango linanitesa kuliko yote. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kulifuta, nikaweka lingine, rahisi. Sikulifuta, kwa sababu lilikuwa na kazi. Kisha nikalisoma mbele yenu."

Ilibaki hoja bora ya mwenzake. Akafungua kinywa. Jina lilikuwa pale, kila mtu aliliona likipanda kooni, likagonga meno, likarudi. Akajaribu tena. Nakiete alimtazama. Zefania alimtazama. Jina halikutoka. Mbonea akainamisha kichwa, akakaa, na ukumbi haukujua alitaka kumtaja nani.

Nje dereva akawasha gari.

Afisa akaweka karatasi juu ya meza. Madamu Naetwe akatazama mistari, na mstari wa jina ulikuwa mmoja. Akachukua kalamu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msiniambie wote watatu, kitanda ni kimoja. Msiniambie Bibi, Bibi yuko jikoni anachemsha chai, maana wageni wameshaanza kupanda kilima. Msiniambie wapige kura, hawa ni watu, si mbegu za kutupwa hewani. Aliyeishi jambo yupo mbele yenu. Aliyelipatia lugha yupo mbele yenu. Aliyelipunguza mpaka likasimama yupo mbele yenu. Yeyote kati yao akitoka, insha inaanguka. Na kesho wawili wataamka mlimani, na mmoja ataamka mjini, katikati ya vitabu.

Kalamu imeshagusa karatasi. Dai kwanza, sababu baadaye: je, Madamu Naetwe aandike jina la nani?